Maumivu ya Nyonga Yasiyokwisha: Mwongozo wa Kutafuta Jibu Unapoishuku Endometriosi

Fungua faili la mwanamke aliyeishi na maumivu ya nyonga kwa miaka na mara nyingi utakuta mambo yaleyale: UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), akapewa dawa, PID (maambukizi ya kizazi na mirija ya uzazi), akapewa dawa, vidonda vya tumbo, akapewa dawa, UTI tena. Kila safari imetibiwa kana kwamba ni tatizo jipya. Hakuna ukurasa hata mmoja unaosema kwamba maumivu haya huja siku mbili kabla ya hedhi, karibu kila mwezi, tangu mwenyewe alipovunja ungo.

Mwongozo huu unahusu namna ya kuuandika ukurasa huo unaokosekana, na namna ya kuutumia kwa daktari, kwenye chumba cha vipimo na, ikibidi, kabla ya upasuaji. Endometriosi, ugonjwa ambao tishu inayofanana na utando wa ndani wa kizazi huota nje ya kizazi, itatajwa sana kwa sababu ndiyo inayopitwa mara nyingi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 10 hivi ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa wanayo, yaani watu wapatao milioni 190, na wengi wao hukaa miaka kabla ya kuambiwa kinachowaumiza ni nini. Hata hivyo, si kila maumivu ya nyonga ni endometriosi. Anayeingia hospitali akiwa ameshajihukumia ugonjwa mmoja anaweza kuupita ule alio nao kweli.

Kwanza kabisa: maumivu yasiyosubiri

Nenda hospitali leo, hata kama ni usiku wa manane, ukipata lolote kati ya haya:

- Maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa tumbo la chini, hasa yakiambatana na kutapika. Ovari inaweza kuwa imejisokota, na ikichelewa hufa.
- Maumivu huku hedhi imechelewa, au kizunguzungu, kuzimia, au maumivu ya ghafla juu ya bega. Hapo mimba iliyotunga nje ya kizazi lazima iondolewe shaka kwanza.
- Homa pamoja na maumivu ya tumbo la chini na uchafu usio wa kawaida ukeni.
- Damu inayolowanisha pedi nzima kila saa kwa saa kadhaa mfululizo.
- Tumbo lililokakamaa ambalo huwezi hata kuligusa.

Kuwa na endometriosi iliyokwisha kuthibitishwa hakukukingi na mambo haya. Wako wanaochelewa kwa sababu wanajiambia "ni ile ile yangu". Ikiwa maumivu ya leo hayafanani na yale uliyoyazoea, yachukulie kama mapya.

Hatua ya 1: Jua unachokitafuta

Katika endometriosi, tishu inayofanana na utando wa ndani wa kizazi huota nje ya kizazi: kwenye ovari, kwenye utando unaofunika viungo vya tumboni, kwenye kano zinazoshikilia kizazi kwa nyuma, kwenye utumbo, kwenye kibofu. Tishu hii huchochewa na estrojeni, homoni ya kike, huleta uvimbe na muwasho wa ndani, na baada ya muda makovu yake huweza kugandisha viungo vilivyopaswa kuteleza. Ikikaa ndani ya ovari hutengeneza mfuko wa damu nzito ya zamani yenye rangi ya kahawia, ndiyo maana madaktari huuita sisti ya chokoleti.

Chanzo chake hakijakamilika kueleweka. Mwaka 1927 daktari wa Marekani, John Sampson, alieleza kwamba damu ya hedhi inaweza kurudi nyuma kupitia mirija ya uzazi na kupanda chembe tumboni. Maelezo hayo bado yanatumika, ila hayatoshi, kwa kuwa damu hurudi nyuma kwa wanawake wengi sana na wachache tu ndio wanaougua. Kinga ya mwili na urithi vinahusika pia: ukiwa na mama au dada mwenye ugonjwa huu, uwezekano wako unapanda. Haukusababishwa na kitu ulichokula, wala na uchafu, wala na jinsi ulivyoishi ujana wako. Hilo nalisema kwa sababu lawama ya aina hiyo huwafanya wengi wanyamaze.

Dalili zinazopaswa kukufanya uulizie endometriosi ni hizi: maumivu ya nyonga yaliyodumu miezi 6 au zaidi, hedhi inayouma kiasi cha kukukosesha shule, kazi au usingizi, maumivu ya ndani kabisa wakati wa tendo la ndoa au baada yake, maumivu wakati wa haja kubwa au ndogo yanayozidi siku za hedhi, damu kwenye mkojo au kinyesi inayofuata mzunguko, na kutopata mimba huku ukiwa na mojawapo ya hizo. Uchovu mzito na tumbo kujaa huwa vinafuatana navyo. Dalili moja tu, ikiwa inakusumbua kweli, inatosha kuanzisha mazungumzo.

Kuna sehemu zisizo za kawaida pia. Uvimbe kwenye kovu la upasuaji wa kujifungua unaovimba na kuuma kila hedhi. Maumivu ya bega la kulia yanayokuja na hedhi na kuondoka nayo. Mara chache sana, kukohoa damu siku za hedhi. Haya husahaulika kwa sababu mgonjwa hampelekei daktari wa wanawake malalamiko ya bega.

Hatua ya 2: Andika daftari la maumivu

Hii ndiyo hatua ninayoitilia mkazo kuliko zote, na haigharimu kitu. Kipimo cha picha huonyesha tumbo lako dakika ile ulipolala kitandani. Daftari huonyesha mwendo wa ugonjwa kwa wiki na wiki, na katika maumivu ya nyonga mwendo huo ndio unaosema mengi.

Mizunguko 2 hadi 3 inatosha. Siku ya kwanza ya kutoka damu iandike kama siku ya 1, kisha hesabu kuendelea. Andika siku zenye maumivu na zisizo nayo, kwa sababu siku tulivu ndizo zinazoonyesha kama maumivu yanafuata mzunguko au yapo wakati wote. Kila siku jibu mambo machache: maumivu yako ni ngapi kati ya 10, yapo wapi, yalianza saa ngapi, ulishindwa kufanya nini, ulimeza nini na ilisaidia kwa muda gani, haja kubwa na ndogo zilikuwaje, na kama ulikutana na mwenzi wako, iliuma mlangoni au ndani.

Mfano wa siku moja:

"Siku ya 26. Maumivu 6/10, chini kulia, yanashuka hadi pajani. Yameanza saa 11 alfajiri. Nimemeza ibuprofeni 400 saa 1 asubuhi baada ya kula. Yameshuka hadi 4, yamerudi saa 6 mchana. Haja kubwa imeuma kama kitu kinachochoma ndani, hakuna damu. Nimetoka kazini mapema. Usiku nimeamka mara 2."

Tazama ilivyo fupi. Usiandike "nilikuwa na hali mbaya sana". Andika ulichoshindwa kufanya. "Sikuweza kusimama jikoni dakika 10" kunampa daktari kitu cha kushika. Namba ya maumivu peke yake hupuuzwa kwa urahisi, ila namba yenye kazi iliyokwama pembeni yake ni vigumu kuipuuza.

Ukiwa mama wa binti anayelala chini kila mwezi, mpe daftari hilo ajaze mwenyewe. Endometriosi huwapata wasichana wadogo pia, na kumwambia kwamba ni chango tu, litaisha akizaa, ni kumwongezea miaka ya kuumwa.

Hatua ya 3: Kusanya historia kwenye karatasi moja

Karatasi moja, upande mmoja. Weka umri uliovunja ungo na hedhi ilipoanza kuuma; mzunguko wa siku ngapi na damu hutoka siku ngapi; mimba, kujifungua, kuharibika kwa mimba; upasuaji wowote wa tumbo; magonjwa mengine na mzio wa dawa; ndugu wa damu wenye endometriosi au tatizo kama lako; na kama unataka mtoto sasa, baadaye, au hutaki.

Kisha orodhesha dawa zote ulizokwisha tumia kwa ajili ya maumivu haya, kiasi gani, kwa muda gani, na matokeo. Hapa ndipo faili nene linapoanza kuwa na faida. Ukiwa umetibiwa UTI mara nyingi, tafuta kama mkojo uliwahi kuoteshwa maabara na kama kuna kijidudu chochote kilichoota. Mkojo unaouma mara kwa mara huku kila kipimo cha kuotesha kinarudi kitupu ni habari muhimu sana, kwani kibofu kinaweza kuwashwa na kitu kisichokuwa bakteria. Vivyo hivyo PID: je, vipimo vya magonjwa ya zinaa vilichukuliwa, na vilisemaje?

Omba nakala za ripoti na picha za altrasaundi za zamani, kisha zipange kwa tarehe.

Hatua ya 4: Siku ya kumwona daktari

Muda ni mfupi na wengi wetu hutanguliza salamu, kisha malalamiko madogo, halafu lile kubwa tunalitaja tukiwa tumeshika kitasa cha mlango. Geuza mpangilio huo. Jiandae kwa maneno ya nusu dakika, kwa mfano:

"Daktari, nina maumivu ya tumbo la chini kwa miaka 3. Huanza siku mbili kabla ya hedhi na kutulia siku ya nne. Siku hizo haja kubwa inauma, na tendo la ndoa linauma kwa ndani. Kila mwezi nakosa kazi siku mbili. Ibuprofeni nimeitumia vizuri kwa miezi 4, haitoshi. Nimetibiwa UTI mara kadhaa lakini mkojo ulipooteshwa haukuota kitu. Naomba tuangalie kama inaweza kuwa endometriosi, na kama siyo, ni nini kingine kinachoendana na hali hii. Haya hapa maelezo ya miezi mitatu."

Sentensi ya kuomba ndiyo yenye kazi. Unautaja ugonjwa bila kumpangia daktari, na unamwachia mlango wa kufikiri zaidi. Wapo wanaoogopa kutaja jina la ugonjwa wakidhani watamkera daktari. Kwa maoni yangu hofu hiyo inagharimu kuliko kukereka kwa mtu mmoja. Daktari aliyeulizwa waziwazi hulazimika kujibu waziwazi, na jibu lake huingia kwenye faili.

Daktari anaweza kutaka kukupima kwa kubonyeza tumbo na kupima kupitia ukeni. Una haki ya kuelezwa kwanza, kuwa na mtu wa kusimama nawe chumbani, na kusema "simama" ikiuma. Mwambie panapouma hasa, usivumilie kimya, maana mahali panaposhtuka wakati wa kuguswa ni sehemu ya majibu. Ikiwa hujawahi kujamiiana, sema mapema. Kipimo hicho si lazima, na altrasaundi inaweza kufanyika juu ya tumbo. Ikiwa umewahi kutendewa vibaya kingono, huna deni la kusimulia, ila kusema tu kwamba kipimo hiki ni kigumu kwako humfanya mpimaji mwema apunguze mwendo.

Kabla ya kuondoka uliza mambo matatu na uyaandike: unadhani ni nini kwa sasa, tunafanya nini kwanza, na tusipoona nafuu baada ya muda gani tubadilishe mpango au unipe rufaa kwa bingwa wa magonjwa ya wanawake?

Hatua ya 5: Elewa vipimo, hasa vinaposema "hakuna kitu"

Vya mwanzo huwa ni kipimo cha mimba, mkojo (kikiwa na kuotesha panapohitajika), vipimo vya maambukizi ya zinaa, na wingi wa damu kama hedhi yako ni nzito. Hivi vinatafuta mambo mengine yanayotibika haraka, kwa hiyo usiviruke hata kama moyoni una uhakika ni endometriosi.

Kinachofuata ni altrasaundi, na iliyo bora kwa kazi hii ni ya kupitia ukeni, inayofanywa na mtu anayejua cha kutafuta. Altrasaundi huona vizuri sisti za chokoleti, na kwa mikono yenye ujuzi huona pia vidonda, yaani mahali tishu ile ilipoota, vilivyozama kwenye utumbo, kibofu na kano za nyuma ya kizazi. Vidonda vidogo vya juujuu huwa haivioni. Hapo ndipo safari nyingi zinapokatika: ripoti imeandikwa kila kitu ni kawaida, mgonjwa anarudishwa nyumbani na parasetamoli. Ripoti safi inamaanisha hakuna sisti kubwa wala uvimbe ulioonekana siku hiyo. Haiondoi endometriosi.

Fomu ya kuombea kipimo nayo ina uzito. Ikiandikwa "maumivu ya tumbo" tu, mpimaji ataangalia kizazi na ovari na kumaliza. Mwombe daktari aandike kwamba ni maumivu yanayofuata hedhi, endometriosi inashukiwa, na kwamba ovari, kano za nyuma ya kizazi, utumbo wa chini na kibofu vitazamwe, pamoja na kuangalia kama kizazi na utumbo vinateleza vinaposukumwa au vimegandana. Ikionekana kuna ugonjwa uliozama, figo nazo zitazamwe, kwani mrija wa mkojo unaweza kubanwa kimyakimya hadi figo iharibike bila maumivu yoyote ya ziada.

MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, husaidia kuchora ramani ya vidonda vilivyozama, hasa kabla ya upasuaji mkubwa. Nayo haioni vidonda vyote vidogo.

CA-125 ni kipimo cha damu ambacho baadhi ya wanawake huandikiwa na kisha kupoteza usingizi. Hupanda kwa endometriosi, kwa uvimbe wa kizazi, kwa PID, kwa mimba, hata kwa hedhi ya kawaida, na kikiwa chini hakiondoi ugonjwa. Hakitumiki kuthibitisha endometriosi. Kama kimeshafanyika na kimepanda kidogo, muulize daktari kabla ya kuanza kuwaza kansa.

Kisha kuna laparoskopia, yaani upasuaji wa matundu madogo ambapo kamera huingizwa tumboni ukiwa chini ya nusu kaputi. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa ndiyo njia pekee ya kuthibitisha. Mwongozo wa jumuiya ya Ulaya ya wataalamu wa uzazi, ESHRE, wa mwaka 2022 ulibadilisha msimamo huo: laparoskopia ya uchunguzi inapendekezwa pale picha hazikuonyesha kitu, au dawa zilizojaribiwa zimeshindwa au hazikufai. Kwa lugha nyingine, unaweza kuanza kutibiwa kwa kushukiwa bila kukatwa kwanza. Ukiambiwa "hatuwezi kukupa chochote mpaka tukupasue", uliza kwa nini katika hali yako.

Hatua ya 6: Usiache mengine yapite

Mtu mmoja anaweza kuwa na endometriosi na kingine juu yake, na cha pili kisipotibiwa maumivu hubaki hata endometriosi ikitulizwa.

Adenomiosi ni ndugu wa karibu: tishu ile huingia ndani ya msuli wa kizazi. Ishara zake ni hedhi nzito yenye mabonge, kizazi kilichonenepa na kuuma, mara nyingi kwa wanawake waliokwisha zaa, ingawa si wao tu. Fibroidi, uvimbe wa kizazi usio wa kansa, huleta uzito na damu nyingi kuliko maumivu makali, na altrasaundi huziona kirahisi. PID huweza kuacha makovu yanayouma muda mrefu. Ukishukiwa nayo meza antibiotiki bila kuchelewa, kwa sababu kungoja huharibu mirija, na mwenzi wako atibiwe pia. Ukifika mara ya tatu kutibiwa PID bila kipimo chochote, hapo ndipo uulize kama kweli ni PID.

Kibofu kinachouma kikijaa na kupata nafuu ukishakojoa, bila bakteria, kinaweza kuwa na ugonjwa wake. Utumbo wenye kuhara na kufunga choo kwa zamu, na maumivu yanayopungua baada ya haja, unaweza kuwa ni utumbo nyeti. Kifua kikuu cha via vya uzazi huwa kimya na mara nyingi hugundulika mwanamke anapotafuta mtoto.

Na kuna misuli ya sakafu ya nyonga, ambayo watu wengi hawajawahi hata kuisikia. Mwili uliozoea kuumwa hujikaza. Misuli hiyo ikikaa imekazwa kwa miaka huanza kuuma yenyewe: tendo la ndoa linauma mlangoni, kukaa muda mrefu kunauma, haja kubwa inatoka kwa shida. Hakuna kidonge cha homoni kitakacholegeza misuli hiyo. Mtaalamu wa fiziotherapia anayeshughulika na nyonga ndiye mwenye kazi hiyo, kwa kufundisha kulegeza na kupumua, wala si kwa mazoezi ya kukaza, ambayo huzidisha tatizo.

Hatua ya 7: Kuanza matibabu bila kusubiri uhakika wote

Dawa za maumivu za kundi la ibuprofeni na naprokseni hufanya kazi vizuri zikimezwa mapema, dalili zinapoanza au siku moja kabla, kuliko zikingojewa hadi maumivu yafike kileleni. Ibuprofeni kwa mtu mzima ni miligramu 400 baada ya kula, kila baada ya saa 6 hadi 8, bila kuzidi 1,200 kwa siku isipokuwa daktari ameagiza. Usizitumie ukiwa na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na aspirini, au mimba. Joto juu ya tumbo husaidia pia na halina madhara likitumiwa kwa uangalifu.

Dawa za homoni hupunguza au kusimamisha hedhi na kuituliza tishu ile. Ziko vidonge vya mchanganyiko vya uzazi wa mpango, vidonge vya projestini kama dienogesti na norethisteroni, sindano ya miezi 3, kijiti, na kitanzi chenye homoni. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu, na hazilengi kung'oa ugonjwa. Ukiziacha, dalili zinaweza kurudi. Vidonge vya mchanganyiko havimfai mwenye kipandauso chenye kuona mwangaza au vimulimuli, aliyewahi kuganda damu miguuni au mapafuni, mwenye presha ya juu, au mvutaji sigara aliyevuka miaka 35. Sindano ya miezi 3 ikitumika muda mrefu hupunguza uimara wa mifupa, na uzazi huchelewa kurudi ukiiacha. Ukipanga mtoto hivi karibuni, hilo lisikupite.

Miezi ya mwanzo matone ya damu yasiyo na mpangilio ni kawaida. Ipe dawa kama miezi 3 kabla ya kusema imeshindwa, isipokuwa madhara yake hayavumiliki. Na endelea na daftari. Nafuu ukiwa kwenye homoni ni jambo jema, ingawa haithibitishi kuwa ni endometriosi, kwani maumivu mengine ya hedhi nayo hutulia kwa dawa hizohizo.

Zikishindwa, bingwa anaweza kutaja dawa zinazoziweka ovari katika usingizi wa muda, mfano goserelini. Huleta joto la ghafla, ukavu ukeni na kupungua kwa mifupa, ndiyo maana huambatanishwa na kiasi kidogo cha homoni ya kurudishia. Usikubali kuanza bila kuelezwa sehemu hiyo ya pili.

Hatua ya 8: Ukifika kwenye upasuaji

Upasuaji mzuri wa kwanza una thamani kuliko mitatu ya haraka haraka. Kila upasuaji huacha makovu, na kuondoa sisti kwenye ovari kunaweza kupunguza akiba ya mayai. Muulize daktari: unafanya upasuaji wa ugonjwa huu mara ngapi? Utakata vidonda au utavichoma tu? Ukikuta utumbo au kibofu kimeguswa, nani atakuwepo? Ukikuta ugonjwa mzito kuliko tulivyodhani, utaendelea au utafunga na kupanga upya? Je, nipimwe akiba ya mayai kwanza? Na ni kitu gani hutakitoa bila ruhusa yangu? Jibu la swali hili la mwisho liandikwe kwenye fomu kabla hujatia sahihi.

Omba sampuli ipelekwe maabara, na baadaye udai ripoti ya upasuaji yenye maelezo ya vilipoonekana vidonda, pamoja na picha zilizopigwa ndani. Ripoti inaweza kutaja hatua ya I hadi IV. Hatua hizo zinapima wingi wa ugonjwa na makovu, hazipimi maumivu. Mwenye hatua ya I anaweza kuumia kuliko mwenye hatua ya IV, kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba ugonjwa wako ni mdogo mno kukuumiza hivyo.

Kutoa kizazi si tiba ya uhakika ya endometriosi, kwa kuwa vidonda viko nje yake. Humsaidia zaidi mwenye adenomiosi, au ikifanyika pamoja na kuondoa vidonda vyote vinavyoonekana, kwa mwanamke aliyemaliza kuzaa na kuamua mwenyewe. Kupata mimba pia si tiba. Wengine hupata nafuu wakiwa wajawazito na wengine hawapati, na dalili zinaweza kurejea hedhi inaporudi.

Hatua ya 9: Jibu lisipopatikana

Laparoskopia inaweza kurudi bila kidonda hata kimoja. Inauma kuliko habari mbaya, wengi husema, kwani unaanza kujishuku mwenyewe. Maumivu yaliyokaa miaka huweza kuifanya mishipa ya fahamu kuwa nyeti kiasi cha kuendelea kupiga kengele hata kichochezi kikipungua. Hayo ni maumivu halisi yenye matibabu yake: fiziotherapia ya nyonga, dawa za kutuliza neva zinazoandikwa na daktari, msaada wa kisaikolojia wa kujifunza kuishi na maumivu, usingizi uliopangwa. Ukipendekezewa mtaalamu wa saikolojia, usilichukue kama tusi, lakini hakikisha anakuja kuongeza nguvu juu ya uchunguzi, asije akawa njia ya kuufunga.

Badilisha daktari pale maswali yako matatu ya mwisho wa ziara yamekosa majibu mara mbili mfululizo. Nenda na karatasi yako moja, daftari, ripoti na picha, na usianze hadithi upya kutoka mwanzo. Mpe asome, kisha sema kilichojaribiwa na kilichoshindwa. Maoni ya pili ni jambo la kawaida katika tiba, na huna haja ya kumwomba radhi daktari wa kwanza.

Kwa anayetafuta mtoto, mpango hubadilika. Homoni za kusimamisha hedhi haziongezi uwezo wa kushika mimba, kwa hiyo huwekwa kando. Wanandoa wengi huambiwa wajaribu mwaka mzima kabla ya uchunguzi, au miezi 6 kama mwanamke ana miaka 35 au zaidi. Ukiwa na endometriosi iliyothibitishwa au inayoshukiwa sana, nenda mapema kuliko hapo, na mwenzi wako apimwe mbegu siku zilezile.